Mama Kopo na Visahani Vilivyojaa

Ofisi yetu ni ya maji. Naanza na hilo ili msije mkasema baadaye nimewaficha. Ni jengo la ghorofa nne, lifti moja inayofanya kazi ikijisikia, na ndani yake kuna mainjinia kumi na wanne wanaojua maji yanatoka wapi, yanakwenda wapi, na njiani yanaibwa na nani. Katika jengo hilohilo, vyungu arobaini na kimoja vya maua vilikaribia kufa kwa kiu mbele ya macho yetu sote, huku fomu yangu ikionyesha kwamba vimeshiba. Mimi ndiye karani wa majengo. Fomu ilikuwa yangu, na nilikuwa naipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Aliyekuwa akivimwagilia ni Mama Kopo. Jina lake la kwenye kitambulisho lipo, lakini hata mlinzi wa getini halijui. Kopo lenyewe ni la bati, alilipaka rangi nyekundu, akalitoboa matundu kando ya mdomo kwa msumari na kulifunga mpini wa waya. Ofisi ilishamnunulia vifaa vitatu vya plastiki vya kumwagilia, vyenye shingo ndefu na maringo. Vyote viko stoo, vinafuga buibui.

Aliletwa kama kibarua wa miezi mitatu, ashike nafasi ya mfagiaji aliyekwenda kujifungua. Hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita. Mfagiaji alirudi, akafagia, akapanda cheo, akaacha kazi, na huyo mtoto sasa ana ndevu. Mama Kopo bado yupo. Mwaka wake wa kwanza alikuta vyungu sita vimetupwa chini ya ngazi, watu wanazimia humo sigara zao. Akavitoa, akaifuta mimea majani kwa kitambaa, akaihuisha, akaanza kuigawa na kuiotesha kwenye vyungu vingine. Hakuombwa na mtu, jambo ambalo kwenye ofisi kama yetu linakaribia utovu wa nidhamu.

Mume wake alikuwa fundi mwashi. Alifariki binti yao mdogo akiwa darasa la pili. Mama huyu akawalea mabinti wawili peke yake, na sasa mkubwa ni mwalimu, mdogo anasomea uuguzi. Hakunisimulia yeye; ya mabinti niliyasikia kwenye korido. Ya mume nayajua kwa sababu mafaili ya wafanyakazi wa majengo yanakaa kwenye kabati langu, na faili la Mama Kopo lilikuwa jembamba kuliko yote: barua ya kuajiriwa, cheti cha kifo cha mume, basi. Miaka kumi na tisa, hata karatasi moja ya onyo hakuna. Mimi mwenyewe ninazo tatu.

Saa ya chakula alikaa kwenye kigoda kando ya bomba la chini ya ngazi, amenyoosha goti lake bovu, anafuma sweta. Kila mtoto aliyezaliwa na mtu wa jengo lile alipata sweta, awe wa mkurugenzi au wa mlinzi. Wangu alipata la njano, lenye vifungo vitatu. Na mimi aliniita mwanangu. Ninaye mama yangu mzazi, mzima wa afya na wa ulimi, lakini sikukataa nyongeza.

Basi siku moja nikapelekwa semina ya siku tatu. Mwezeshaji alikuwa kijana mwenye tai na kitochi cha kuelekeza mwanga ukutani, kazi yake kutuambia kwamba kisichoandikwa hakijafanyika. Wenzangu walisinzia. Mimi yaliniingia. Nilirudi ofisini na ugonjwa wa fomu, na mgonjwa wa kwanza kutibiwa akawa Mama Kopo.

Nilikaa nikawaza: nitajuaje kwamba chungu kimemwagiliwa? Udongo wa juu unaweza kurushiwa matone mawili ukaonekana umelowa. Lakini kisahani cha chini, ah, hicho hakidanganyi. Maji yakionekana kwenye kisahani, maana yake yamepita kwenye udongo wote, mti umekunywa umetosheka, na yale ni makombo. Nikachora fomu: vyungu arobaini na kimoja, siku tano, kisahani kina maji tiki, hakina msalaba. Meneja Utawala alinipongeza mbele ya watu. Mama Kopo aliitazama ile karatasi, akasema, "Sawa, mwanangu," kwa sauti ile ambayo mtu humwambia mtoto aliyemchora ng'ombe mwenye miguu sita.

Mambo yangeishia hapo kama si zulia. Meneja alitandikiwa zulia jipya la kijivu, na udongo wa Mama Kopo, ule mweusi mzito aliouchanganya mwenyewe kwa mboji na mchanga, ulikuwa ukidondoka na kuliacha na madoa. Zulia likashinda kesi. Yakaletwa magunia yenye picha ya ua na mwanamke anayecheka, na ndani yake mchanganyiko wa maganda ya miti yaliyosagwa na nyuzinyuzi, mwepesi kiasi kwamba gunia zima unaliinua kwa vidole viwili. Tukauziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe tukalisifia. Mama Kopo aliuchota, akaunusa, akasema hauna ubaya, ila usiachwe ukauke mpaka ndani, maana ukikauka utasumbua. Hakuna aliyeliandika hilo. Na kisichoandikwa, si mnajua.

Mwezi uliofuata jengo likapakwa rangi. Tulifunga wiki tano, kila mtu akapelekwa kukaa kwenye ofisi za tawi. Mama Kopo alinijia akaniomba ufunguo, awe anapita mara mbili kwa wiki kumwagilia. Nikamwambia utaratibu hauruhusu mtu kuingia wakati mafundi wako kazini. Utaratibu huo niliutunga palepale, nikiwa nimesimama.

Tukarudi. Kuta nyeupe, harufu ya rangi, vyungu vimepauka. Mama Kopo akachukua kopo lake akaanza kazi, na hapo ndipo fomu yangu ilipochanua. Zamani visahani vilichukua muda kupata maji, na siku nyingine havikupata kabisa, nikaweka misalaba. Sasa alimwagilia tu, na kabla hajageuka kisahani kimejaa. Arobaini na kimoja kwa arobaini na kimoja, siku tano kwa tano. Asilimia mia! Nilichora hadi mchoro wa mstari unaopanda, nikaubandika ubaoni.

Mstari ukipanda, majani yakishuka. Kwanza yalijikunja, kisha yakawa ya kahawia pembezoni, kisha yakaanza kuanguka. Jani moja lilianguka kwenye kikombe cha chai cha mkurugenzi, katikati ya kikao kuhusu uhaba wa maji. Mkurugenzi alilitoa kwa kijiko, akamtazama Meneja. Meneja naye akaja kunitazama mimi, na macho yake hayakuwa na pongezi tena.

Nilichukua penseli nikaenda kwenye chungu cha karibu. Nikaichomeka kwenye udongo. Iliingia kama kwenye unga na ikatoka kavu, safi, tayari kwa kuandika. Chini, kisahani kimejaa pomoni. Nikajaribu cha pili, cha tatu, cha kumi. Udongo mkavu, kisahani kimejaa. Sasa hapo akili yangu, ile iliyosomeshwa siku tatu, ikafanya kazi kwa kasi ya kutisha. Kama maji yako kwenye kisahani lakini hayako kwenye udongo, basi hayakupita kwenye udongo. Na kama hayakupita kwenye udongo, kuna mtu anayamimina moja kwa moja kwenye kisahani, kusudi karani apite aweke tiki. Kumbe mama wa watu ananichezea shere!

Iliniuma, sitawadanganya. Na mtu akiumwa huku ana kalamu mkononi ni hatari kwa umma. Nilimwandikia Meneja kurasa mbili. Nilitumia maneno "udanganyifu wa makusudi" na "kwa muda mrefu", na mwishoni nikaweka "ni dhahiri kwamba". Msema pweke hakosi, wanasema. Na mwandika pweke je? Huyo ndiye kabisa.

Jumatano Mama Kopo akapewa barua ya kujieleza: afike Ijumaa saa nne mbele ya kikao, aeleze kwa nini asiachishwe kazi kwa udanganyifu. Aliisoma akiwa amesimama, taratibu, kidole kikifuata mstari. Kisha akapanda ngazi mpaka mezani kwangu, na goti lake lile.

"Hii umeandika wewe?"

Nikamwambia ni utaratibu tu, mama, asilichukulie moyoni.

"Miaka kumi na tisa," akasema. "Wanangu nimewalea kwa kazi hii, sikuwahi kuitwa mwongo. Sawa, Bwana Karani."

Akashuka. Alikuwa hajawahi kuniita Bwana Karani. Nilijifanya natafuta stepla.

Jioni ile nilimsimulia mke wangu, nikitegemea anihurumie kwa kuishi katikati ya matapeli. Mke wangu ni fundi cherehani, mtu wa kupima kwanza ndipo akate. Alikuwa anamvua mtoto sweta, ndiyo, lilelile la njano, lenye vifungo vitatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwa kawaida si dalili nzuri.

"Ulimwona akimimina kwenye kisahani?"

Nikamweleza kuhusu penseli.

"Sijakuuliza penseli. Wewe, kwa macho yako, ulimwona?"

Nikamwambia si lazima kuona, ni dhahiri. Akalikunja lile sweta akaliweka mapajani, akasema kumbe nimemwita mama wa watu mwizi wa kazi kwa sababu ya kitu ambacho sijakiona. Halafu akaniandalia chakula bila kusema neno lingine. Heri angenitukana.

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, karani mzima wa majengo nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya mashine ya fotokopi ghorofa ya pili, nimekumbatia begi langu. Mama Kopo akaja na kopo. Akasimama mbele ya chungu kikubwa cha pembeni, akainua mkono, akamwagilia juu. Juu kabisa, kwenye shina, polepole, kopo zima. Maji yalitanda juu ya ule udongo kama yanauliza njia, yakakimbilia ukingoni, yakazama pembeni mwa chungu. Nikahesabu. Sikufika sita, kisahani kikajaa. Akaenda cha pili, ikawa hivyohivyo. Hakugusa kisahani hata kimoja.

Nilijiinua nikagonga kifuniko cha mashine, nacho kikapiga kelele zote za ulimwengu. Aligeuka, akanitazama na begi langu, akanielewa moja kwa moja. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, maana adabu yake haikutegemea yangu.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona, mama. Lakini maji yanakwenda wapi?"

Akaniambia ninyanyue chungu kidogo cha dirishani, kile alichomwagilia dakika tano zilizopita. Nilijiandaa kwa uzito, nusura nikirushe darini, kilikuwa chepesi kama kopo tupu. Akakipindua kiganjani, mti ukatoka na udongo wake mzima. Nje ulikuwa umelowa, unang'aa. Akaumega katikati kwa vidole. Ndani vumbi. Vumbi lililomwagika kwenye mikono yangu na kunipaka suruali, na mizizi imelala humo imekauka kama nyuzi.

"Udongo huu ukishakauka mpaka ndani unakataa maji," akasema. "Unasinyaa, unaachana na chungu, maji yanapata uchochoro pembeni, yanapita zake. Juu umemwagilia, chini yametoka, katikati hakuna aliyekunywa."

Akachota konzi ya lile vumbi akalitia kwenye kikombe cha maji. Mimi nilidhani litazama. Thubutu! Lilielea juu, kavu, na alipolisukuma kwa kidole likaibuka tena. Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Nilisema. Niliomba beseni mbili kubwa za kuvilowekea. Ukaniambia nijaze fomu. Nikajaza."

Nilikwenda mezani kwangu nikapekua trei ya maombi. Ilikuwa ya nne kutoka chini, chini ya ombi la sabuni na malalamiko ya lifti: beseni mbili kubwa, sababu, udongo haunywi. Mwandiko wa mviringo, wa mtu anayejitahidi. Siku ishirini na mbili ilikuwa imelala pale. Pembeni nilikuwa nimeandika kwa kalamu nyekundu, wala sikumbuki lini: "Kazi yake ni kumwagilia, si kufua. Subiri."

Ijumaa saa nne tukakaa. Meneja kwenye kiti cha mbele, zulia lake chini ya miguu. Pembeni yake kitabu chenye picha za maua ya plastiki, tayari kimewekwa alama, kwa sababu plastiki hainywi, haidondoshi majani na haihitaji mama mwenye kopo. Injinia wa mabomba aliitwa kama mtaalamu. Mama Kopo alikaa karibu na mlango, barua yake mapajani, amevaa gauni la kwendea kwenye shughuli. Mimi nilikuwa mwandishi wa kikao, na pia shahidi, na pia mshitaki. Ofisi yetu inabana matumizi.

Meneja akaisoma barua yangu kwa sauti. Sijui kama mmewahi kusikia upumbavu wenu ukisomwa na mtu mwenye sauti nzuri. Alipofika "ni dhahiri kwamba" aliitia mkazo. Injinia akaongeza kwamba maji huteremka, huo ndio uasili wake, na yakimiminwa juu ya udongo lazima yaulowanishe, kwa hiyo kama udongo mkavu, hayakumiminwa. Ana shahada mbili. Kisha Meneja akamwambia Mama Kopo ajieleze.

Alisimama. "Mimi namwagilia juu, miaka yote. Sina karatasi ya kuonyesha. Karatasi zote anazo Bwana Karani."

Akakaa. Nilikuwa nimeandaa hotuba usiku, yenye utangulizi. Haikuja hata sentensi yake moja. Nikasimama tu.

"Kwenye barua hiyo niliandika jambo ambalo sikuliona. Jana nililiona, na silo. Mama huyu hakudanganya. Aliyedanganya ni mimi."

Meneja akanitaka nikae niendelee kuandika. Badala yake nikakichukua chungu kilichokuwa dirishani kwake, nikakiweka mezani juu ya kitabu cha plastiki, nikamwomba Mama Kopo kopo lake, nikampa Injinia. Nikamwambia amimine mwenyewe, juu, apendavyo. Injinia alimimina kwa ujasiri wa mtu mwenye shahada mbili. Maji yakakimbilia pembeni, yakatoka chini, yakajaza kisahani, yakafurika, yakapita juu ya yale maua ya plastiki, yakapita juu ya kurasa zangu mbili, yakashuka mpaka kwenye zulia la kijivu. Nikampa penseli yangu. Akaichomeka kwenye udongo katikati, akaitoa, akaipuliza vumbi. Akaichomeka tena mahali pengine. Vumbi.

Basi, mtaalamu ni mtaalamu. Palepale akatueleza kwa dakika kumi jinsi vitu vya asili ya mimea vikikauka vinavyovikwa utando unaofukuza maji, kana kwamba amelijua hilo tangu tumboni mwa mama yake. Mama Kopo alikuwa ameyasema yote hayo kwa maneno ishirini, lakini yeye hakuwa na tai. Meneja akauliza mambo mawili: nani atalifuta zulia, na huo udongo unatibika? Mama Kopo akajibu la pili. Akasema apewe beseni mbili.

Beseni zikaja siku ileile. Ajabu ya ofisi, jambo la siku ishirini na mbili lilichukua saa moja. Vyungu vidogo tulivizamisha mpaka shingoni, na ule udongo ukaanza kutoa mapovu, blup, blup, kama mtu anayekunywa baada ya kufunga. Unakiacha humo mpaka mapovu yaishe, nusu saa au zaidi, ndipo unakitoa kidondoke. Nilipojaribu kunyanyua kimoja cha ukubwa wa kile cha dirishani nilichokiinua jana yake, mgongo uliniambia.

Vile vikubwa havibebeki. Kwa hivyo alitoa sindano yake ya kufumia, ile ndefu ya chuma, akatoboa nayo mashimo mengi kwenye udongo kuzunguka shina, taratibu asikate mizizi. Kwenye ndoo ya kwanza alitia matone machache ya sabuni ya vyombo, mara moja tu, kuyapa maji ulaini yapate kuingia. Kisha kikombe kimoja. Unasubiri. Kikombe kingine. Unasubiri tena. Haba na haba, siku nzima, kesho tena. Mwisho akafunika juu kwa majani makavu ili jua la dirishani lisiukaushe upya, na kadiri wiki zilivyopita akawa anachanganya humo udongo wake mweusi. Meneja alipoona madoa kwenye zulia aligeuza uso upande wa pili.

Mimi nilikuwa nafika saa moja kabla ya kazi, nambebea beseni, maana goti lake halikuwa la mzigo. Hakuniomba. Hakunikataza pia. Ijumaa ile baada ya kikao nilimfuata kwenye korido nikamwombea radhi, maneno mengi, mazuri, mengine karibu ya kulia. Aliyasikiliza yote. "Nimesikia, Bwana Karani," akasema, akaenda kujaza kopo. Yalipita moja kwa moja mpaka kwenye kisahani.

Vyungu thelathini na vinne vilipona. Saba vilikufa, na siku zile ishirini na mbili sina wa kumsingizia. Wiki ya pili Meneja akaniita, amekunja ndita: mbona sasa fomu imejaa misalaba, au huyu mama kaacha kazi? Nikamweleza kwamba sasa udongo unakunywa, maji yanabaki ndani, ndiyo maana visahani vikavu. Ina maana, akasema polepole, fomu ilikuwa inatupa tiki vilipokuwa vinakufa na inatupa misalaba vinapopona? Nikasema ndiyo, bosi. Akafikiri. Akaniagiza nitengeneze fomu nyingine. Naendelea kuitengeneza mpaka leo, na Mungu akinijalia nitastaafu nikiitengeneza.

Nilitaka kuitoa ile barua kwenye faili la Mama Kopo. Haikuwezekana, karatasi ikishaingia kwenye faili haitoki, na utaratibu huu, kwa bahati mbaya, sikuutunga mimi. Basi nikaandika nyingine nikaiweka juu yake, mistari miwili: yaliyoandikwa chini ya hapa si kweli, niliyeandika sikuona. Nikatia sahihi. Faili lile si jembamba tena, na unene wake wote ni wangu.

Kila asubuhi shikamoo, kila asubuhi marahaba Bwana Karani. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alinifundisha kukipima chungu kwa kukiinua, si kwa kukitazama. Alinikosoa nikimimina kwa pupa. Kigodani kwake, saa ya chakula, alikaa mikono mitupu. Mfuko wa uzi ulining'inia kwenye msumari, na sindano yake ilikuwa kwenye ndoo na koleo, imeganda matope. Watoto wawili walizaliwa kwenye idara ya ankara, hakuna sweta lililotoka. Mke wangu aliniuliza mara moja tu kama mama anaendeleaje. Nikasema anaendelea.

Juma lililopita tulimaliza chungu cha mwisho kikubwa, kile cha pembeni, ghorofa ya pili, karibu na mashine ya fotokopi. Nilimimina kikombe changu, nikasubiri. Kikaingia. Nikamimina kingine, kikaingia chote, na kisahani kikabaki kikavu. Mama Kopo aliinama, akachomeka kidole mpaka kifundo, akakitoa cheusi. Akaichukua ile sindano kwenye ndoo, akaisuuza bombani, akaifuta kwa pindo la kanga yake, upande huu na upande huu, mpaka ikang'aa. Mimi nikaanza kukusanya beseni.

"Lile sweta la njano," akasema, bado anaitazama sindano. "Si limeshambana sasa?"

Nikamwambia mikono inamwishia hapa, kwenye kiwiko, lakini analililia hilohilo.

"Kampime bega mpaka kiganja, uniletee kesho, mwanangu."

Beseni nilizishika kwa nguvu sana, zisije zikanidondoka. Nikamwambia sawa, mama, nitampima mimi mwenyewe.